Sababu gani watu wetu walikaa Kigoma



Mutu wa Lweba akisema: "Mutoto wangu yuko ngambo", mara nyingi anataka kusema Kigoma. Hasemi Dar es Salaam, ingawa Dar es Salaam ulikuwa kwa miaka mingi muji mukuu wa inchi ile, na mpaka leo unapita miji yake yote kwa wingi wa watu na wa kazi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Kigoma-Ujiji ulikuwa na watu 215,458 tu. Ndiyo kusema, kwa kila mutu mumoja wa Kigoma, Dar es Salaam ulikuwa na watu 20.

Wengine wanazani kwamba anayesimama Kigoma ni mutu aliyekosa nauli ao aliyekosa moyo. Wanasema: treni iko pale, kwa nini asipande? Tunataka kuonyesha kwamba mambo si hivyo. Kuhamia inchi ya kigeni na kukaa katika muji wake wa kando, bila kufika muji mukuu, ni desturi ya zamani katika ziwa letu. Desturi ile ina akili yake, ina faida yake, tena ina hasara yake. Mapadri na wakatekista wanaulizwa shauri na vijana wanaotaka kuvuka. Ni vizuri wajue habari hii kutoka mwanzo.

1. Ujiji, soko la ziwa

Mbele ya Kigoma kulikuwa Ujiji. Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika pale mwezi wa pili wa mwaka 1858. Ujiji haukuwa muji mukuu wa sultani. Sultani alikaa Unguja, na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao kikubwa Tabora. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya msafara kutoka Bagamoyo, na mwanzo wa njia ya maji. Chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, samaki, pembe za tembo, na watumwa pia, vyote vilipita pale. Burton na Speke wenyewe walipanda mitumbwi, wakavuka mpaka Ubwari, ambayo Burton aliandika kuwa ni kisiwa, wakaendelea mpaka Uvira.

Kwa njia ile watu wa upande wetu walianza kukaa Ujiji. Tusifiche ukweli: wengi hawakuchagua. Waliletwa kwa nguvu, wakauzwa. Wengine walifuata mabwana wa biashara kama wapagazi, wapiga-kasia ao askari. Watu wa Ubwari, wa Masanze, wa Ugoma, wa Ubembe, na wengine waliotoka mbali zaidi katika misitu ya mangaribi, wote waliitwa kwa jina moja: Wamanyema. Kwanza lilikuwa jina la wageni. Baadaye likawa jina la wakaaji wa Ujiji kabisa.

Angalieni neno moja. Biashara ya watumwa ilipokwisha, njia ya pwani ilikuwa wazi. Wamanyema wengine waliishika, na jina lao lilijulikana Dar es Salaam vilevile. Lakini Ujiji haukubaki mutupu. Watu walijenga, walioa, walizika wafu wao pale. Pwani ilikuwa inchi ya wengine. Ujiji ulikuwa pahali ambapo mutu, akisimama kandokando ya maji, anajua kwamba kwao ni ngambo ya pili. Muji ulioanza kama pahali pa kuuzwa uligeuka kuwa pahali pa kukaa.

2. Wamisionari mbele ya ulizo lilelile

Wageni kutoka Ulaya nao walipata ulizo hili: tukae katika muji wa wakubwa, ao kando? Mapadri Weupe waliotumwa na Askofu Lavigerie katika mwaka 1878 walitoka Bagamoyo pamoja, kisha wakagawanyika: wengine walielekea ziwa Nyanza, wengine ziwa Tanganika.

Wale wa Nyanza walikwenda pahali penye kiti cha mufalme. Padri Lourdel na Bruder Amans walifika Buganda mwanzo wa mwaka 1879, kwa Mutesa. Pale waliona faida ya muji mukuu: mufalme akikubali, mulango unafunguka mara moja, na watu wengi wanasikia. Waliona vilevile hatari yake: mufalme akibadilisha moyo, mulango unafungwa mara moja. Katika mwaka 1882 shurti waondoke, wakakaa Bukumbi, kusini ya Nyanza. Walirudi katika mwaka 1885. Na kutoka mwaka ule mpaka 1887, Mwanga akitawala, Wakristu wengi wa Buganda waliuawa.

Wale wa Tanganika walifika Ujiji mwezi wa kwanza wa mwaka 1879. Hapakuwa na mufalme, lakini palikuwa na nguvu za wafanyabiashara wakubwa, na wamisionari waliona kwamba kazi yao haitasitawi chini ya mabwana wale. Basi walitafuta pahali padogo. Katika mwaka uleule walifungua Rumonge, katika inchi ya Burundi. Katika mwaka 1880 walivuka kwenda mangaribi, wakafungua Mulweba katika inchi ya Masanze, karibu na guba ya Burton. Musomaji wa Lweba atasikia mwenyewe namna gani jina lile linafanana na la kwake.

Pahali padogo palikuwa na uhuru, lakini hapakuwa na mutu wa kuwalinda. Tarehe 4 ya mwezi wa tano 1881, Padri Deniaud, Padri Augier na musaidizi wao Mubeleji, Félix d'Hoop, waliuawa Rumonge, na misioni ile ikafungwa. Mulweba nao haukudumu: katika mwaka 1883 wamisionari walihamia Kibanga, upande uleule wa mangaribi.

Tunajifunza nini? Kwamba hakuna pahali pasipo hatari. Katika muji mukuu, mugeni anaogopa mukubwa anayemujua. Katika muji wa kando, anaogopa kwamba hakuna mukubwa anayemujua. Mambo haya mawili tutayakuta tena katika maisha ya watu wetu wa Kigoma.

3. Namna Kigoma ulivyokua

Kigoma haukujengwa kwa ajili yetu. Wadachi walijenga reli kutoka Dar es Salaam. Ilifika Tabora katika mwaka 1912, na Kigoma katika mwaka 1914, safari ya kilometa zaidi ya 1,200. Waliacha Ujiji kando, kwa sababu Kigoma kulikuwa na maji mazuri ya bandari. Kwa reli ile walileta masua yao kubwa vipandevipande, wakaiunga Kigoma, wakaishusha majini katika mwaka 1915. Katika vita wenyewe waliizamisha, mwaka 1916. Waingereza waliitoa chini ya maji katika mwaka 1924, wakaiita Liemba, na kutoka mwaka 1927 ilianza kazi ya kuzunguka ziwa.

Katika mwaka 1916 askari wa Kongo ya Wabeleji walikamata Kigoma. Waingereza walipopewa inchi ya Tanganika, mapatano ya mwaka 1921 yaliwaachia Wabeleji pahali pao katika bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam, kwa kupitisha mizigo ya Kongo. Kwa hiyo muji huu, ingawa uko Tanzania, tangu zamani una mulango unaotazama kwetu. Kwa mutu wa serikali aliyekaa Dar es Salaam, Kigoma ni mwisho wa reli. Kwa mutu wa Fizi, Kigoma ni mwanzo wake. Kwa macho ya mutu wa Lweba, Kinshasa, muji mukuu wa inchi yake mwenyewe, ni mbali zaidi: kilometa 1,500 na kupita, bila reli wala barabara ya kufika moja kwa moja. Kigoma ni kilometa mia moja na kidogo, kwa maji.

4. Miaka ya kukimbia

Kisha ikaja miaka ambayo watu hawakuvuka kwa biashara tu. Katika mwaka 1964 uasi ulienea Uvira na Fizi. Tarehe 28 ya mwezi wa kumi na moja mwaka ule, Padri Luigi Carrara na Bruder Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Kanisa liliwatangaza wenye heri pale Uvira, tarehe 18 ya mwezi wa nane 2024. Wakristu wengi wa kawaida walipita katika taabu ileile, na wengine walivuka ziwa.

Lakini muji uliowapokea wakimbizi ulipitisha askari vilevile. Katika mwezi wa ine 1965 Ernesto Che Guevara na Wakuba wake walitoka Kigoma wakavuka mpaka Kibamba; walirudi ngambo mwezi wa kumi na moja, bila kushinda. Kutoka mwaka 1967 chama cha Laurent Kabila kilikaa katika milima ya Fizi, na katika mwaka 1975 watu wake walivuka kwa mitumbwi wakateka vijana wane Wazungu pale Gombe, kaskazini ya Kigoma, wakadai feza kwa kuwaachilia. Mutu mwema aliyevuka kwa kutafuta chakula, na mutu aliyevuka na bunduki, wote wawili walitumia maji yaleyale. Tusishangae kama polisi wa ngambo walijifunza kuuliza maulizo mengi.

Vita vya mwaka 1996 vilivusha watu wengi kuliko vya kwanza. Katika mwezi wa kumi na moja mwaka ule, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu, mukoa wa Kigoma. Lugufu ilifuata katika mwaka 1997. Sasa kuchagua muji kulikwisha. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inampa waziri uwezo wa kuonyesha pahali ambapo wakimbizi shurti wakae, na kutoka bila ruhusa ni kosa. Zamani mutu aliweza kuuliza: Kigoma ao Dar es Salaam? Mukimbizi wa kambini hakuwa na haki ya kukaa katika muji wala mumoja.

Hata hivyo, ukaribu ulizaa matunda yake. Amani iliporudi kidogo, kutoka mwezi wa kumi 2005, masua zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Hawakuhitaji ndege wala safari ya majuma. Waliokuwa wametoka kwa maji walirudi kwa maji. Na katika mwaka 2015 zamu iligeuka: Warundi waliokimbia inchi yao walipokelewa Lusenda, palepale katika Fizi. Wale nao hawakupelekwa Kinshasa. Walisimama katika inchi ya jirani, karibu na ziwa lao.

5. Faida ya muji wa karibu

Mambo haya si ya Waafrika tu. Katika mwaka 1885 mwenye elimu mumoja wa Uingereza, Ravenstein, alichunguza hesabu za watu wa inchi ile, akaona kwamba wengi wa wanaohama wanakwenda karibu tu. Wale wanaokwenda mbali ndio wanaopenda miji mikubwa ya biashara. Mufano wake unaonekana kwa Wairlandi, Wakatoliki wengi, waliokimbia njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845. Walivuka bahari ndogo wakafika Liverpool. Katika hesabu ya mwaka 1851, zaidi ya mutu mumoja katika watu watano wa Liverpool alikuwa amezaliwa Irlandi. Katika London, muji mukuu, hawakufika mutu mumoja katika watu makumi mawili. Reli ya kwenda London ilikuwapo. Wengi hawakuipanda.

Sababu gani? Tunaweza kuzihesabu kwa kutazama Kigoma.

Ya kwanza ni kazi ambayo mutu anaijua. Muvuvi wa Lweba akifika Kigoma, anakuta ziwa lilelile na samaki walewale. Ndakala zetu wanaziita dagaa, lakini taa ya usiku na wavu ni vilevile. Mwenye kuuza mawese ao vitenge anakuta wanunuzi wanaojua mali yake. Katika Dar es Salaam, muvuvi wa ziwa anakuwa mutu asiye na kazi; shurti aanze kama mutoto.

Ya pili ni luga na jamaa. Kiswahili kiko pande zote mbili, na Wabembe wako Tanzania pia, kandokando ya ziwa. Mugeni anapata shangazi ao mujomba wa kumulaza usiku wa kwanza, na wa kumuonya juu ya desturi za pale. Jamaa wa usiku wa kwanza anapita feza ya mwezi muzima.

Ya tatu, nayo ni kubwa kuliko zote, ni njia ya kurudi. Mitumbwi ya Kongo inasimama Kibirizi, karibu na Kigoma. Anayekaa pale anasikia habari za kwao kwa midomo ya watu, si kwa karatasi. Mama akigonjwa, anavuka. Akifa, mwana anawahi maziko ao kilio. Shamba lake halisahauliwi, na watoto wake wanajua jina la kijiji. Mutu aliye Dar es Salaam anaweza kuwa na feza nyingi zaidi, lakini kila safari ya kurudi inakula sehemu yake. Basi anayekaa Kigoma hakukosa moyo wa kusonga mbele. Alinunua njia ya kurudi, akailipa kwa mushahara mudogo.

6. Hasara yake

Lakini tukisifu tu, tutadanganya vijana.

Hasara ya kwanza ni karatasi. Neno juu ya uraia wa mugeni linakatwa na waziri, na waziri anakaa penye kiti cha serikali. Kigoma unapokea maneno yaliyokatwa mbali. Mutu anaweza kukaa Kigoma miaka mingi, akasalimiwa sokoni na kila mutu, na bado asiwe na karatasi hata moja inayosema yeye ni nani. Jirani wanamujua, sheria haimujui. Ni hatari ileile ya wamisionari wa Rumonge, kwa namna nyingine: pahali padogo pana uhuru mpaka siku ya shida.

Hasara ya pili ni elimu na matunzo makubwa. Chuo kikuu cha kwanza cha inchi ile kilifunguliwa Dar es Salaam katika mwaka 1961, na hospitali kubwa kupita zote iko kulekule. Mutoto mwenye akili, ao mugonjwa mwenye ugonjwa mugumu, siku moja atahitaji kupanda treni ile ambayo baba yake aliiacha.

Hasara ya tatu ni ukaribu wenyewe. Ukaribu unaoleta habari za mama ndio unaoleta habari za vita, na watu wa vita pia.

Tena tujue kwamba muji mukuu wenyewe si jiwe. Tanzania ilikata shauri katika mwaka 1973 kuhamisha kiti chake kwenda Dodoma, na sheria ya mwaka 2018 ilihakikisha neno lile. Kongo ya Wabeleji ilitawaliwa kwanza kutoka Boma, kisha kutoka Léopoldville. Anayefuata wakubwa shurti awe tayari kuwafuata tena.

7. Kwa wenye kuulizwa shauri

Wakongomani wengi wa kambi walipelekwa mbali zaidi: katika mwaka wa hesabu 2016 peke yake, Marekani ilipokea 16,370. Wengi wao wako katika miji ya kando kama Louisville ao Boise, si Washington. Wale hawakuchagua muji. Waliwekwa na mashirika. Anayevuka kutoka Lweba kwa mapenzi yake mwenyewe ana baraka moja waliyokosa wale: anaweza kufikiri mbele ya kupanda mutumbwi.

Basi kijana akija kwenu, musimuambie tu: "Kaa", wala: "Nenda muji mukubwa." Mumuulize maulizo matatu. Unajua kazi gani, na muji gani unaihitaji? Nani atakupokea usiku wa kwanza? Na una karatasi gani mukononi? Kama kazi yake ni ya ziwa na jamaa wako Kigoma, tusimuzuie na tusimuzarau. Kama anatafuta elimu ya juu, ajue kwamba Kigoma ni kituo, si mwisho. Na kama hana karatasi, aanze na neno hili mbele ya yote; asingoje mupaka apate shida.

Hapa sisi wa kanisa tuna kazi yetu, ndogo lakini ya lazima. Kitabu cha ubatizo na cha ndoa kinaandika jina, wazazi, pahali na tarehe. Kwa mutoto wa kijiji, mara nyingine ndiyo maandiko ya kwanza ya maisha yake. Mukatekista akiandika jina kwa haraka, ao akiacha jina la mama, kosa lile litavuka ziwa pamoja na mutoto. Tuandike vizuri, tutunze vitabu mbali na mvua na mchwa, tena tusimunyime muhamaji barua yake ya ubatizo. Padri wa ngambo akiisoma, atajua kwamba mugeni huyu ana kwao, na kwamba kwao wanamujua.